Kompyuta Kuukuu au Mzigo Mkubwa?

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Bwana Mhariri, naomba nafasi kidogo katika gazeti letu la muhula huu nipate kutoa maoni yangu juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu amelinung'unikia, lakini hakuna hata mmoja aliyekaa chini akaliandika. Jambo lenyewe ni uzito wa kompyuta zetu. Si kusudi langu kumlaumu mtu ye yote, wala walimu wetu, ambao wanajitahidi sana kwa vitu vichache walivyo navyo. Nataka tu wasomaji wafikiri pamoja nami, na hasa wazazi wetu, kwa kuwa katika kikao chao cha muhula ujao wataulizwa kama wako tayari kuchangia ununuzi wa mashine mpya.

Kwanza nieleze hali ilivyo. Chumba chetu cha kompyuta kina mashine 18 zinazofanya kazi, na katika kidato chetu wanafunzi 54 wanasoma somo hili. Basi wanafunzi watatu huketi mbele ya mashine moja. Kipindi ni dakika 40. Muhula huu nilichukua saa yangu ya mkono nikapima, kwa muda wa majuma manne, tangu mashine inapowashwa mpaka ukurasa wa kuandikia unapokubali herufi ya kwanza. Mashine yetu ilitumia dakika 9 siku iliyokuwa njema, na dakika 14 siku iliyokuwa mbaya. Ukitoa na dakika za kuingia, kuitwa majina, kuzima mashine na kutoka, zinabaki kama dakika 20 za kazi. Gawa kwa watatu: kila mtu hana hata dakika 7. Kwa kuwa tuna vipindi viwili kwa juma, mwanafunzi aliye hodari na mwanafunzi aliye mzito wote wawili hugusa kibodi kwa muda usiotimia robo saa katika juma zima.

Mwezi uliopita, katika mtihani wa majaribio, mwenzetu mmoja alipatwa na jambo ambalo sitalisahau upesi. Aliketi, akaiwasha mashine yake, na mara yakatokea maandishi yakisema kwamba mashine inajisasisha na mtu asiizime. Asilimia moja. Asilimia mbili. Asilimia tatu. Aliyatazama maandishi yale kwa dakika 31. Mwenzetu huyu ni mtoto wa mkulima, kwao hakuna kompyuta, wala hana jirani mwenye nayo. Kwa hiyo hatua zote za kazi ile alikuwa ameziandika katika daftari na kuzikariri usiku baada ya prepo. Mashine ilipokubali kufunguka muda ulikuwa umebaki kidogo sana, akatoa ukurasa mmoja usiokwisha. Tulipotoka nje aliniuliza, "Hapo mimi nimeshindwa nini? Sikufika hata kwenye swali." Mwalimu wetu alimhurumia akampa nafasi nyingine jioni ile. Lakini sote twajua kwamba mtihani wa Taifa wa mwezi wa Novemba hautampa mtu jioni nyingine.

Desturi yetu ni kusema, "Kompyuta hizi zimezeeka." Nami nilisema hivyo hivyo mpaka nilipoanza kusoma zaidi. Jembe huzeeka kwa sababu udongo hula chuma chake. Baiskeli huzeeka kwa sababu mnyororo hulegea na mipira huisha. Lakini prosesa ya kompyuta, yaani kile kipande kinachofanya hesabu, haina meno ya kulika. Ikiwa siku iliyonunuliwa ilipiga mapigo bilioni mbili kwa sekunde, leo pia yaweza kupiga mapigo yale yale. Ni kweli kwamba vumbi huziba njia za hewa, na mashine ikipata joto hupunguza mwendo wake yenyewe ili isiungue. Ni kweli pia kwamba diski inayozunguka huchoka baada ya miaka mingi. Lakini mambo hayo peke yake hayatoshi kueleza dakika 14.

Sababu iliyo kubwa ni mzigo. Kila kompyuta ina programu moja iliyo mkuu wa programu zote, nayo huitwa mfumo endeshi. Hiyo ndiyo inayoamka kwanza, inayogawa kumbukumbu, inayopokea amri za kibodi na kipanya, na kuziruhusu programu nyingine zifanye kazi kwa zamu, kama kiranja mkuu anavyopanga zamu za kuchota maji na kufagia bwalo. Kiranja mwema haonekani sana; unaona tu kwamba maji yako tayari na bwalo ni safi. Lakini kiranja akija bwenini na wasaidizi arobaini, kila msaidizi na kitanda chake, wanafunzi watalala wapi?

Kompyuta ina mahali pawili pa kuweka vitu vyake. Pa kwanza ni kumbukumbu, nayo ni kama meza yako darasani: ni ndogo, lakini kilicho juu yake wakifikia mara moja. Pa pili ni diski, nayo ni kama tranka lako bwenini: lina nafasi kubwa, lakini sharti uinuke, uende, ufungue kufuli, upekue, kisha urudi. Meza ikijaa, mfumo endeshi huondoa vitu visivyotumika wakati ule na kuvipeleka katika diski. Ukivihitaji tena huvirudisha na kuondoa vingine. Diski ya aina ya zamani ni sahani inayozunguka, na kichwa chake cha kusomea sharti kisogee mpaka mahali penyewe. Safari moja huchukua takriban milisekunde 10. Mtu aweza kudhani kwamba huo ni muda mdogo, lakini kumbukumbu hujibu upesi kuliko hivyo mara maelfu mengi.

Mashine zetu zina kumbukumbu ya gigabaiti 2. Mfumo uliomo, ambao sina haja ya kuutaja jina, hujaza karibu meza yote kabla hatujafungua cho chote. Basi ile taa ndogo inayomweka bila kukoma, ambayo tumezoea kuitazama huku tumeshika tama, maana yake ni kwamba mashine iko safarini kati ya darasa na bweni, na sisi tunaisubiri.

Je, mzigo huu ulikuwa hivi tangu zamani? Hapana. Mwezi wa Julai 1969, chombo cha Apollo 11 kilipowapeleka watu mwezini, kompyuta iliyokiongoza ilikuwa na kumbukumbu ya kufutika ya maneno 2,048, yaani takriban kilobaiti 4, na kumbukumbu isiyofutika ya maneno 36,864. Picha moja inayopigwa kwa simu siku hizi ni kubwa kuliko hayo yote kwa jumla. Sisemi turudi huko; kompyuta ile ilikuwa na kazi moja tu, haikuonyesha picha wala haikuandika barua. Lakini yafaa kujua kwamba kazi kubwa yaweza kufanywa kwa vitu vidogo, mradi mtengenezaji alazimishwe kuhesabu.

Tutazame sasa mfumo unaojulikana na watu wengi zaidi, yaani Windows wa kampuni ya Microsoft, kwa kuwa kampuni yenyewe hutangaza kima cha chini cha mashine inayohitajiwa. Windows 95, uliotoka mwaka 1995, ulitaka kumbukumbu ya megabaiti 4. Windows XP, mwaka 2001, ulitaka megabaiti 64. Windows 7, mwaka 2009, ulitaka gigabaiti 1. Windows 11, mwaka 2021, ulitaka gigabaiti 4, pamoja na nafasi ya gigabaiti 64 katika diski. Kutoka megabaiti 4 mpaka gigabaiti 4 ni mara 1,024, katika muda wa miaka 26. Nauliza: je, barua tunayoiandika leo ni bora mara elfu kuliko barua iliyoandikwa mwaka 1995? Insha zetu ni nzuri mara elfu? Hesabu ya duka la shule ni sahihi mara elfu?

Mtaalamu mmoja wa Uswisi, Niklaus Wirth, aliliona jambo hili mapema. Huyu ndiye aliyebuni lugha ya Pascal mwaka 1970, na mwaka 1984 alipewa tuzo ya Turing, ambayo ndiyo heshima kubwa kuliko zote katika elimu ya kompyuta. Mwaka 1995, mwaka ule ule wa Windows 95, aliandika makala akiwasihi wenzake watengeneze programu nyembamba. Alieleza ya kwamba programu zinazidi kuwa nzito upesi kuliko mashine zinavyozidi kuwa na nguvu. Watu waliiita kanuni hiyo sheria ya Wirth, ingawa yeye mwenyewe alisema kwamba wazo lile alilipata kwa mwenziwe Martin Reiser. Wala Wirth hakuishia kwenye maneno. Pamoja na Jürg Gutknecht, katika chuo cha ETH mjini Zürich, alitengeneza mfumo mzima ulioitwa Oberon, mdogo kiasi kwamba mwanafunzi mmoja aliweza kuusoma na kuuelewa wote. Wirth alifariki tarehe 1 Januari 2024. Alipofariki, tatizo alilolisema lilikuwa limekua.

Basi kwa nini mifumo hii hunenepa? Nimeona sababu nne.

Sababu ya kwanza ni biashara. Mwenye kuuza kitu kipya sharti aonyeshe upya wake. Mtu hanunui mfumo kwa sababu kuna kitu kimeondolewa ndani yake. Hununua kwa sababu kuna kitu kimeongezwa. Kwa hiyo kila toleo huongezewa kidogo, na haba na haba hujaza kibaba.

Sababu ya pili ni kwamba kuongeza ni rahisi, kuondoa ni kugumu. Kila kitu kilichomo kina mtu fulani mahali fulani anayekitumia, na programu za zamani zinakitegemea. Mwenye kukiondoa atalaumiwa na mtu yule; mwenye kukiacha halaumiwi na mtu, kwa sababu sisi tunaoubeba mzigo hatujui jina lake.

Sababu ya tatu ni uvivu, nasema hivyo kwa heshima. Siku hizi programu ndogo ya kupelekeana ujumbe huja na kivinjari kizima ndani yake, kwa kuwa mtengenezaji ataka kuiandika mara moja itumike katika kila aina ya kompyuta. Ukifungua programu tatu za namna hiyo umefungua vivinjari vitatu. Ni kama wanafunzi watatu wa bweni moja kuja shuleni kila mmoja na jiko lake, sufuria yake na mpishi wake.

Sababu ya nne, nayo ndiyo kubwa, ni kwamba mtengenezaji hakai tunapokaa sisi. Mezani kwake ana mashine mpya yenye kumbukumbu tele na diski ya kasi, intaneti yake haikatiki, na umeme wake haununuliwi kwa tokeni za LUKU. Akiijaribu kazi yake, hufunguka mara moja. Atajuaje kwamba sisi tumeshika tama? Wazee walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Hata hivyo yanipasa kusema kweli yote, nisije nikaonekana napendelea upande mmoja. Si unene wote ulio wa bure. Mifumo ya zamani iliachia programu moja iliyoharibika iiangushe mashine nzima. Mifumo ya sasa imejenga kuta kati ya programu na programu, na kuta hizo zina gharama. Mwenzetu asiyeona aweza leo kusomewa maandishi kwa sauti na mashine yenyewe. Herufi za lugha nyingi za dunia zimo tayari. Na yale masasisho yaliyomwangusha mwenzetu katika majaribio hayakuwekwa kwa ubaya: mengi yao huziba matundu ambayo wezi na virusi hupitia. Mwenye kuyazima kabisa ili apate mwendo ni kama mtu anayeng'oa mlango wa nyumba ili aingie upesi. Kosa si kuwapo kwa masasisho, bali ni kuja kwake saa ya mtihani bila kubisha hodi.

Tena si kweli kwamba kunenepa ni lazima kama kuchwa kwa jua. Mwaka 2009 kampuni ya Apple ilitoa mfumo wake ulioitwa Snow Leopard. Badala ya kujisifu kwa mambo mapya, ilitangaza kwamba kazi kubwa ilikuwa ni kuusafisha mfumo uliotangulia, na mwenye kuuweka alirudishiwa nafasi katika diski yake. Waliuuza kwa dola 29, na watumiaji wengi waliupenda. Kadhalika, kima cha chini cha kumbukumbu cha Windows kilikuwa gigabaiti 1 mwaka 2009, na mwaka 2015 ulipotoka Windows 10 kilikuwa bado gigabaiti 1 kwa mashine za aina ile ile. Kwa hiyo wenye kampuni wakitaka kujizuia, wanaweza.

Lakini hawakuendelea kujizuia. Tarehe 14 Oktoba 2025 matengenezo ya kawaida ya bure ya Windows 10 yalikoma. Windows 11 nao hauzikubali mashine nyingi zilizo nzima, kwa kuwa unataka prosesa za miaka ya karibuni na kipande cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Mtu mwenye fedha hununua nyingine. Shule ifanye nini? Hapo ndipo watu wengi husema kwamba hakuna njia ila kutupa na kununua. Mimi naona njia ipo, nami nitaeleza tulivyoijaribu.

Katika stoo yetu kulikuwa na mashine iliyokwisha andikwa kuwa ni mbovu kwa sababu ya uzito wake. Mwalimu wa kompyuta alituruhusu, mimi na wenzangu wawili, tuijaribu Jumamosi moja baada ya usafi. Tulifuta vumbi la ndani kwa brashi, kisha tukaweka mfumo wa jamii ya Linux. Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Helsinki, nchi ya Finland, na kila mtu aruhusiwa kuichukua, kuibadili na kuigawa. Ipo ya aina nyingi. Moja iliyo mashuhuri ni Ubuntu, iliyoanza mwaka 2004 kwa juhudi za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake ni ndugu wa neno letu utu. Sisi hatukuichagua hiyo, maana hata yenyewe imenenepa: toleo lake la mwaka 2024 lilitaka gigabaiti 4 za kumbukumbu. Tulichagua aina inayotumia sura nyepesi iitwayo Xfce, ambayo historia yake imeanza mwaka 1996.

Tulipomaliza nikachukua saa yangu. Tangu kuwasha mpaka herufi ya kwanza ilikuwa dakika 1 na sekunde 50. Tukarudia mara tatu, majibu yakawa karibu sawa. Kabla ya kufungua cho chote mfumo ulitumia kama robo ya kumbukumbu, na robo tatu zikabaki kwa ajili yetu. Mashine ni ile ile iliyotupwa stoo. Hatukununua hata msumari.

Sitawaficha wasomaji mambo yaliyotushinda. Mashine ya kuchapishia ilikataa kabisa kuongea nayo, tukabeba kazi zetu kwa flashi hadi mashine nyingine. Hati moja yenye majedwali ilifunguka lakini mistari ikahama. Programu moja tunayoitumia katika somo haikufunguka kabisa. Na ukifungua kurasa nyingi za intaneti, uzito hurudi, kwa kuwa kurasa zenyewe nazo zimenenepa. Kwa hiyo sisemi kwamba dawa hii inaponya kila ugonjwa. Nasema inafaa kujaribiwa kabla ya kuzika mgonjwa.

Baadhi ya wenzangu wamenipinga. Wanasema kwamba katika mtihani na katika ofisi tutakutana na mfumo wa kawaida, basi kujifunza mwingine ni kupoteza wakati. Hoja hii ni nzito nami naiheshimu. Lakini kumpangilia mtu barua, kujumlisha safu ya hesabu, kuhifadhi faili mahali unapoweza kuliona tena, hayo ni maarifa yanayohama pamoja na mtu. Aliyejifunza kuendesha baiskeli ya aina moja hashindwi na ya aina nyingine, ila aliyekaa akiitazama baiskeli tu ndiye atakayeanguka. Wala wazo la kutumia programu za bure si geni katika nchi yetu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa lugha ya Kiswahili. LibreOffice tuliyoitumia katika mashine ya stoo ilizaliwa mwaka 2010 kutoka katika ukoo huo huo wa OpenOffice.

Basi nina mapendekezo manne, nami nayaweka mbele ya walimu na wazazi wetu kwa heshima.

La kwanza, masasisho yawe na siku yake. Mashine ziwashwe Ijumaa jioni, wanafunzi wawili wa zamu wakae nazo pamoja na mwalimu, zijisasishe zote, zianzishwe upya, ndipo zizimwe. Mifumo ya sasa yaweza kupangwa ili mashine zigawiane faili la sasisho humu humu chumbani badala ya kila moja kulipakua upya, na hivyo bando la shule litapona. Siku ya mtihani pasiwe na mashine itakayoamua mambo yake.

La pili, programu zinazoamka zenyewe bila kuitwa zipunguzwe. Katika mashine niliyokalia nilihesabu 17, na kati ya hizo tulizozihitaji ni 4, mojawapo ikiwa ile ya kukinga virusi. Kazi hii haihitaji fedha, yahitaji alasiri moja.

La tatu, mashine nne zilizo dhaifu kuliko zote zipewe mfumo mwepesi kwa majaribio ya muhula mmoja, kwa ajili ya mazoezi ya kuandika na ya hesabu. Mwisho wa muhula tupime, tuandike majibu, tuyabandike ukutani. Kama majaribio yameshindwa, tutakubali.

La nne, wazazi wakichanga fedha, wasikimbilie kununua mashine nzima kabla ya kuuliza ni kiungo gani kinachoumwa. Kuongeza kumbukumbu na kubadili diski inayozunguka kwa ile ya SSD, isiyozunguka, hugharimu sehemu ndogo ya bei ya mashine mpya, na kwa mashine kama zetu tofauti yake huonekana siku ile ile. Fedha ya kununulia mashine chache mpya yaweza kuzifufua nyingi za zamani. Wazazi wengine huuza mahindi au mbuzi ili mtoto asome. Si vizuri mbuzi yule aliwe na mfumo ambao mwakani utataka mbuzi mwingine.

Nina neno la mwisho kwa wanafunzi wenzangu. Wapo kati yetu watakaokuwa watengenezaji wa programu. Najua watatu katika bweni letu ambao wamekwisha anza. Nawaomba wakumbuke chumba hiki. Siku watakapokuwa na mashine nzuri mezani, waweke na moja iliyo dhaifu pembeni, na kila kazi wanayoiandika waijaribu kwanza katika ile iliyo dhaifu. Dakika 10 ni kidogo kwa mtu mmoja, lakini dakika 10 za wanafunzi 54, mara mbili kwa juma, ni saa 18. Hizo ni saa za watu, nazo hazirudishwi na kampuni yo yote.

Tangu Jumamosi ile, yule mwenzetu wa dakika 31 huja kufanya mazoezi kwa mashine ya stoo kila apatapo ruhusa. Juma lililopita alipewa tena swali lile lile la majaribio. Aliwasha mashine mwenyewe, akafanya kazi yote kwa dakika 26, akasoma upya, akasahihisha makosa mawili, ndipo akainua mkono. Mwalimu alitazama, akampa alama 41 kati ya 50. Sasa wanafunzi wengine tisa wameomba nafasi katika mashine hiyo moja, na Novemba haiko mbali. Ndiyo maana naomba zile nne.

Hayo ndiyo maoni yangu, Bwana Mhariri. Mwenye maoni mengine na aandike katika toleo lijalo. Nami nitasoma kwa furaha, hata kama ananipinga.